Kamba ya Pima Kumi na Nne

Kamba ile aliisokota Mjomba kwa mikono yake mwenyewe, wiki niliyopata kazi kituoni. Alikuwa fundi wa nyavu na kamba kabla hajawa mfugaji wa samaki, na kamba za dukani hakuziamini hata kidogo. Aliiloweka siku tatu, kisha akaitundika nyuma ya nyumba na jiwe likining'inia mwishoni, ili inyooke yote inayotaka kunyooka. Nilipomwambia nina haraka, alinijibu kwamba kamba isiyonyooshwa ni mwongo: leo inakwambia kumi, ikilowa inakwambia kumi na moja. Ilipomridhisha aliipima kwa mikono iliyotanuliwa, pima kumi na nne na shibiri mbili. Halafu akachukua futikamba yangu, akafunga kitambaa chekundu kila mita tano, na kwenye alama ya ishirini na tatu akafunga vitambaa viwili. Akanikabidhi mbele ya mkewe kwa mikono miwili, utafikiri ananioza.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama yangu, na amenilea tangu nina miaka sita. Mimi namwita mjomba, yeye ananiita mjomba, na mgeni akitusikia hupata taabu kujua nani kamlea mwenzake. Mkazamjomba husema nyumba yake ina wajomba wawili na mwenye akili mmoja, na huyo mwenye akili si mjomba.

Kazi yangu ni kupima ziwa. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani nazunguka ufukweni kama fundi cherehani anayetafuta kiuno. Ukweli ni kwamba mara mbili kila mwezi mimi na nahodha wa boti ya kituo tunachota maji kwa chupa iliyofungwa kwenye kamba, juu, kati na chini, mahali palepale kwa utaratibu uleule, na maji hayo yanatuambia kama viumbe wa ziwani wana hewa ya kutosha. Nahodha tunamwita Kimya, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kunyamaza.

Tunaanzia kandokando, kwenye matete. Huko maji ni mafupi, jua linafika mpaka kwenye tope, na kila kiumbe kinaishi mgongoni mwa kingine: konokono kwenye mabua, vifaranga vya perege katikati ya mizizi, kereng'ende juu ya yungiyungi, na vyura wasio na haya. Huwa nawaambia wanafunzi wanaotutembelea kwamba hilo ndilo jiko la ziwa. Kisha tunatoka kwenda maji ya wazi. Pale hakuna mzizi wala bua, ila kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inaelea kwenye mwanga na kutengeneza hewa mchana kutwa. Ukizidi kushuka mwanga unafifia, halafu unakwisha. Chini kabisa ni giza, baridi na matope, na hakioti kitu. Huko kinashuka kila kilichokufa juu, majani, magamba, mabaki ya chakula cha samaki, na vijidudu vya matopeni vinakila taratibu. Lakini hata kula kunataka hewa, na hewa ya chini ikitumika hakuna wa kuijaza.

Maji ya juu yenye joto na maji ya chini yenye baridi hukaa miezi mingi kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Siku upepo wa baridi ukivuma kwa nguvu, ya juu yanapoa, yanakuwa mazito na kuzama, na ya chini yanapanda. Ikiwa ya chini yamekwishiwa hewa, walio juu wanakosa pumzi. Samaki aliye huru hukimbilia kwenye matete. Samaki wa kufugwa, aliye kizimbani ndani ya wavu, hana pa kwenda. Ndiyo maana kituo chetu kina bendera nyekundu. Chupa ya chini ikitoka na maji yasiyo na hewa, bendera inapandishwa gatini, na wafugaji wote wana siku kumi za kuvuta vizimba vyao kandokando kabla upepo haujafika. Bendera inategemea chupa moja, na chupa inategemea kamba.

Siku niliyoikata, Kimya alikuwa amelala na homa. Kanuni inasema hakuna kwenda majini peke yako. Mimi nikajiona mjuzi, nikawasha injini, nikaenda. Nilifika kwenye shimo, pale ziwa lenye kina kirefu kuliko kwingine kote, mita ishirini na nne, nikashusha chupa mpaka vitambaa viwili vikagusa ukingo wa boti. Nikaivuta kamba kwa mshtuko mmoja, kizibo kikachomoka kule chini, maji yakaingia, nikapandisha. Kazi safi. Kisha simu ikaita. Nikawa nacheka na shoga yangu huku nageuza boti kwa mkono mmoja, na kamba niliyokuwa sijaikunja ikateleza majini na kujisokota kwenye rafadha ya injini. Nilipomaliza kuinasua, mita sita za katikati zilikuwa zimetafunwa kama mswaki wa mti, na kitambaa cha mita kumi na tano kimekwenda nazo.

Nilizikata. Nikaunga ncha mbili zilizobaki kwa fundo, nikarudi nchi kavu, nikaandika daftarini kwamba kazi imekwenda vizuri.

Nilikuwa na sababu zangu, na zote nilizipenda. Kuomba kamba mpya kungehitaji barua, barua ingeuliza nani alikuwa kwenye boti, na aliyenitangulia kazini alifukuzwa kwa kupoteza chupa. Ningeweza kuongeza kipande cha kamba ya kuanikia nguo, kingetosha kabisa, lakini kingeonekana, na kinachoonekana huulizwa. Kumwendea Mjomba anisokotee kipande kungenilazimu kumweleza nilichoifanyia zawadi yake. Nikajiambia nitamweleza Jumapili. Jumapili zikapita, kila moja na udhuru wake.

Tangu siku hiyo vitambaa viwili vikigusa ukingo wa boti, chupa ilikuwa kwenye mita kumi na saba, si ishirini na tatu. Nilijua. Sitaki mtu anihurumie akasema nilisahau au nilikosea hesabu. Mara mbili za mwanzo niliandika pembeni kwa penseli, 17. Lakini fomu ya kituo ina visanduku vitatu tu, juu, kati na chini, na haiulizi mita. Nikajaza kisanduku cha chini. Nilijipa moyo kwamba kumi na saba nako ni chini, muulize asiyejua kuogelea. Mara ya tatu sikuandika kitu pembeni.

Kimya alipopona hakugundua lolote. Kazi yake ni kushika usukani na kusimulia, na macho yake huwa kwenye hadithi yake. Chupa zikawa zinatoka na hewa nzuri. Bosi, mkuu wetu wa kituo, mtu anayependa tarakimu zinazomwacha alale, akaandika katika taarifa ya mwaka kwamba shimo letu lina hewa mpaka chini, akaibandika kwenye ubao wa gatini.

Mjomba aliisoma mara mbili. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama kijana aliyekubaliwa posa. Yeye na familia nyingine kumi na moja wana kikundi cha kufuga perege, na vizimba vyao kumi na viwili vilikuwa vimebanana karibu na matete, mahali ambapo maji yalikuwa yameshachoka. Kama shimo lina hewa mpaka chini, alisema, basi tuvisogeze juu ya shimo, samaki wakapate nafasi. Wenzake walisita. Upepo je? Akawauliza wameona bendera nyekundu mwaka ule, wakasema hawajaiona. Akawauliza wanajua ni nani anayepima. Wote wananijua, wengine walinibeba mgongoni. Hoja ikaishia hapo.

Siku walipovivuta vizimba nilikuwepo. Wanaume na wanawake walikuwa kwenye mitumbwi minne, wanaimba, na Mjomba kasimama mbele anaelekeza kwa kasia. Mimi nilisimama gatini nikila karanga. Nimefanya mabaya makubwa kuliko hilo, lakini hilo la karanga hunirudia kuliko yote.

Ningesema siku ile, kosa lingekuwa la kamba tu. Vizimba vikakaa juu ya shimo miezi mitano, chakula kilichowaponyoka samaki kikawa kinashuka shimoni kila siku, na mimi kila wiki mbili nikawa nachota maji ya mita kumi na saba na kuyaita chini. Kumbe chini ya chupa yangu maji mafu yalikuwa yamelala.

Upepo ulikuja mapema. Ulivuma mchana kutwa na siku ya pili yake, na asubuhi ya siku ya tatu nilipofungua dirisha nilisikia harufu ya mayai viza. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikimbia na kandambili mpaka gatini. Perege walikuwa wameelea tumbo juu kutoka kizimba cha kwanza hadi cha kumi na mbili, vinywa wazi. Kule kwenye matete, samaki walio huru walikuwa wamejazana wakitweta juu ya maji, wazima. Ungeweza kurusha jiwe kutoka penye uzima likafika karibu na penye kifo. Mjomba alikuwa ameingia ndani ya kizimba chake mpaka kifuani, anawageuza mmoja mmoja kwa mkono, kama vile mmoja wao huenda amelala tu.

Bosi alitutuma tukapime siku ileile, lakini ziwa lilikuwa limeshajichanganya, ya juu na ya chini yamekuwa maji mamoja, hapana cha kusoma. Akafungua fomu za nyuma. Akaona chini hewa nzuri, chini hewa nzuri, mwezi hadi mwezi, kwa mwandiko wangu. Akasema basi ziwa halina kosa, ulizeni chakula. Mjomba, ambaye hajui kuficha hata maumivu ya jino, akasema hapohapo kwamba jioni ya kwanza ya upepo aliwaongezea samaki makopo matatu, kwa sababu aliona wamepooza. Chakula kikizidi huoza, kikioza kinakula hewa. Hilo nilimfundisha mimi.

Kikundi kina desturi yake. Mwenye shauri la kujibu hakai benchini na wenzake. Anakaa juu ya ndoo ya chakula cha samaki iliyopinduliwa, katikati ya kibanda chao cha mikutano, na mpaka shauri liishe hakuna mwingine anayeikalia. Vikao ni vitatu. Cha kwanza anasikiliza, cha pili anaulizwa, cha tatu anajibu. Akijibu kwamba kosa ni lake, jina linafutwa, na hashiki tena wavu wala kasia la kikundi maisha yake yote. Sheria hiyo aliitunga Mjomba zamani, na ndoo aliitoa yeye.

Alikaa juu yake kikao cha kwanza, akasikiliza. Akakaa kikao cha pili, akaulizwa. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mnene, mpole, aliyewahi kuwa mkunga, na alimwuliza kama anavyomwuliza mgonjwa, wapi panauma. Kuna mwanakikundi mmoja, fundi cherehani, alijaribu kumfungulia mlango. Alisema yeye ile harufu aliisikia, na harufu ile ilitoka chini ya ziwa, haikutoka kwenye makopo matatu. Wengine wakaanza kuitikia. Mjomba angekaa kimya tu, angepona.

Akatikisa kichwa. "Maji hayana kosa," akasema. "Yangekuwa na kosa, mpwa wangu angesema."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, maana asiye mwanachama haruhusiwi kuingia. Watu kadhaa waligeuka wakanitazama kwa heshima. Nikainamisha kichwa, na wao wakaona ni adabu.

Baada ya kikao hicho Mjomba aliacha kwenda ziwani. Mtu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo akawa anakaa mezani mpaka jua likapanda, mbele yake makopo matatu ya chakula cha samaki. Anayamimina kwenye sinia, anayatazama, anayarudisha. Nilimkuta hivyo siku moja kabla ya kikao cha tatu. Nilikuwa nimekuja kumwambia, kutoka chumba ninachopanga karibu na gati. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima, mpaka muuza mkaa akaniuliza naongea na nani. Nikavuta kiti.

Aliniwahi. Aliuliza bila kuinua macho, "Makopo matatu, mjomba. Wewe umesoma. Yanaweza kuua vizimba kumi na viwili?"

Hayawezi. Hata kumi hayawezi. Lilikuwa swali la neno moja, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nikitamka hayawezi, atauliza basi ni nini, na baada ya hapo hakuna pa kujificha. Nilimtazama, mzee wa miaka sitini na mbili aliyeuza ngalawa yake pekee ili nisome habari za maji, nikamjibu kwamba sijui.

Nimekata kamba, nimejaza visanduku, nimekula karanga. Lakini dhambi yangu ni ile sijui. Aliipokea kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wake na daktari anayemwamini. Akasema ni sawa, kama hata mimi sijui basi atajibu tu kwamba ni yeye, maana mtu akikosa wa kumlaumu ajitazame.

Mkazamjomba alinisindikiza mpaka kwenye lango. Si mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na machache zaidi. Alinishika kiwiko, akaniambia, "Yule anakonda, na wewe unakonda. Ugonjwa wake ninaujua."

Sikupata usingizi, lakini hilo si la kujisifia. Nilistahili kukosa mengi zaidi ya usingizi. Asubuhi nilipitia kituoni. Niliacha barua chini ya kikombe cha Bosi, ukurasa mmoja, nimeandika tarehe, mita na sababu, na sababu ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Nikaishusha kamba kutoka kwenye msumari wake. Kimya akaniuliza nakwenda kupima nini na boti haina mafuta. Akaendelea kujijibu mwenyewe mpaka nikatoka.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Mjomba alikuwa juu ya ndoo, amevaa shati lake jeupe la harusini, magoti yamepanda karibu na kidevu, kwa sababu ndoo ni fupi na yeye ni mrefu. Mwenyekiti alimwuliza ana jibu gani kwa wenzake. Akasafisha koo, akaanza kusema kwamba makopo matatu aliyapima kwa mkono wake mwenyewe.

Nikaingia. Nikasimama kati yake na mwenyekiti, nikasema si makopo. Niliyasema yote kwa mpigo, simu, rafadha, mita sita, fundo, fomu isiyouliza, maji mafu yaliyokuwa chini ya chupa yangu, bendera ambayo ilipaswa kupanda na haikupanda. Nilisema vizimba vilikwenda juu ya shimo kwa sababu yangu na samaki wamekufa kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Badala yake kibanda kizima kiliguna kwa huruma. Fundi cherehani alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mwenyekiti akanitazama kama mtoto aliyemletea maua ya porini.

"Binti," akasema, "tunajua huyu ndiye aliyekulea. Lakini usimkingie kifua kwa uongo."

Nikawaapia. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kunipenda. Mmoja alisema laiti naye angekuwa na mpwa kama mimi. Nikaona ukweli wangu umekuja umechelewa kiasi kwamba watu wameshamzoea yule mwingine, mpwa asiyekosea, na hawana nafasi ya mimi. Nikatamani ardhi ipasuke, na ardhi ya pale ni saruji.

Aliyekasirika alikuwa Mjomba. Sijawahi kumwona hivyo. Aliniambia ninyamaze, kwamba hatakubali nichafue kazi yangu kwa ajili ya mzee aliyekosea na chakula. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kamba. Niliitoa pima kumi na nne na shibiri mbili, nitawapimia hapahapa waone."

Nilimpa. Hakuinuka, maana mwenye shauri haondoki kwenye ndoo. Alishika mwisho wa upande wa chupa, akatanua mikono kama alivyoitanua nyuma ya nyumba yetu, akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Wenzake wakamsaidia kuhesabu, kibanda kizima, wanakikundi waliokuja kumfuta sasa wanahesabu naye kwa furaha. Tatu. Nne. Kamba ilikuwa inapita vidoleni mwake kama kitu kinachomfahamu. Tano. Sita.

Kwenye sita vidole vilisimama.

Mjomba akiunga kamba huzifumbata ncha ndani kwa ndani. Ukipitisha mkono hupati kitu. Fundo langu lilikuwa nene, na mikia miwili imetokeza. Aliligeuza upande mmoja, akaligeuza upande mwingine. Hakuinua macho. Watu walikuwa wakingoja, na mmoja akamkumbusha kwamba wamefika sita. Ningekuwa mimi ningeacha pale. Yeye akaendelea, kwa sababu kazi akiianza huimaliza. Saba. Nane. Sasa alikuwa anahesabu peke yake, wenzake wameshaiona sura yake. Tisa. Kumi. Akatanua tena, na kamba ikaishia kifuani kwake, na mkono wa kulia ukabaki umenyooshwa hewani, haushiki kitu.

Alishusha mkono.

"Lini?" akaniuliza.

"Kabla hamjavisogeza vizimba."

Aliikunja kamba polepole, mviringo juu ya mviringo, kama alivyonifundisha nilipokuwa sijafika hata urefu wa kasia. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo kwa karatasi. Hakuuliza. Aliiweka kamba sakafuni karibu na miguu yangu, akaweka viganja juu ya magoti, akainuka. Shati lake lilikuwa limegandamana mgongoni kwa jasho. Akainama, akaifuta ndoo kwa mkono, mara moja, kama anavyomfutia mgeni kiti.

"Kaa, mjomba," akasema.

Akaenda kwenye benchi. Fundi cherehani akasogea, mwenzake naye akasogea, wakampa nafasi katikati yao, na yeye akakaa akitazama mbele, mahali nilipo. Nikakaa. Ndoo ilikuwa bado ina joto lake.